Tundu la Upande wa Kushoto

Bunju, Dar es Salaam

Mama yangu, shikamoo.

Kwa heshima na taadhima naitangazia familia yote kwamba choo chetu hapa Bunju, baada ya miaka miwili ya pazia, sasa kina mlango. Lalamiko lako la msibani limefanyiwa kazi.

Goti linasemaje? Sie tunapumua. Nimeandika kwa sababu maneno haya nikiyatamka hayafiki mwisho.

Lipo neno lako jingine la msibani, Mama. Ulikuwa mkekani na kina shangazi, ukasema, "Mimba ya miezi saba anabeba maji ya zege kichwani. Mlitegemea mtoto apone?" Neema alikuwa chumba cha pili, alisikia. Tangu uondoke, mke wangu hakanyagi sebule tuliyoimwagia zege siku ile. Anazungukia uani. Nikimwuliza, anajibu, "Ile ndoo." Basi.

Daktari alituambia Elia wetu alizaliwa na tundu kwenye kiwambo, yaani ule ukuta wa nyama kati ya kifua na tumbo, unaoshuka ili tuvute hewa. Utumbo ukapanda kifuani, pafu likakosa pa kukulia. Nikaenda kwa wauza vitabu vilivyotumika, nikapata kimoja cha mambo ya uzazi. Mchwa wamekula mwanzo na mwisho, katikati wakashiba. Nimekisoma kama fundi ujenzi anavyosoma ramani ya mtu mwingine: nusu kwa macho, nusu kwa ubishi.

Ukuta huo haujengwi kwa mkupuo mmoja. Kipande cha kwanza kinaanzia shingoni, wakati mtoto mwenyewe hana shingo ya maana, kisha kinateremka hadi chini ya moyo kikiburuta mishipa yake ya fahamu kama fundi umeme aliyesahau kukata waya. Vipande vingine vinatoka nyuma na ubavuni, vinakutana nacho. Kulia kunaziba mapema. Kushoto kunachelewa, na mara mojamoja hakuzibi kabisa. Kwa nini, kitabu hakijui. Kimetumia ukurasa mzima kusema hivyo.

Kazi yote hiyo inaisha kabla mwezi wa tatu haujakatika, mtoto akiwa mkubwa kama pingili ya kidole gumba. Wakati huo sie hatujajua kama ni mimba, tulikuwa tunamtibu Neema vidonda vya tumbo. Ndoo ilikuja miezi minne baadaye, tundu lilishakuwepo. Na aliyemwambia abebe ni mie, Mama, kwa kuwa kibarua hakutokea na zege lilikuwa linakauka. Ukitaka wa kusemwa, nipo.

Jumapili nilimweleza yote, nikamchorea kwa mkaa kwenye ukuta usiopigwa plasta. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, Baba Elia." Bado ananiita hivyo. "Mama amesemaje?"

Kitabu changu chote hakikumtosha.

Nisalimie dada yetu mwalimu, na baba mdogo mpiga kengele wa kanisa. Ndiye aliyembeba mtoto hadi kaburini bila kuuliza kitu, nami sikumshukuru.

Mwanao,
Zakayo

Namba ya simu ya Neema ni ileile.