Mkaguzi Niliyemnyamazisha

Jumatatu, 3 Machi
Nimewasalimu wote watatu. Wameitika. Ni programu za akili mnemba, chai hazinywi. Wa kwanza anatafsiri maelezo ya mashine, Kifaransa kuja Kiswahili. Wa pili anakagua. Wa tatu anapanga kurasa. Mimi ni bosi. Bosi wa nyumba tupu: tangu wanangu wahamie Kolwezi, sauti nyingine humu ni ya friji.

Jumanne, 4 Machi
Mkaguzi ananichosha. Kila sentensi ya mtafsiri ana neno. Nimemwagiza kama tulivyolelewa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi: aliyekutangulia ni mkubwa wako, usimpinge. Ametii papo hapo. Watoto wangu hawakuwahi kunitii hivyo.

Jumatano, 5 Machi
Kazi imeteleza bila kukwama. Nimepeleka kurasa za mashine ya kusaga mawe kwenye karakana ya mtaa wa Panda.

Alhamisi, 6 Machi
Kimya cha mkaguzi kinanitia wasiwasi. Kurasa zote zile bila kosa? Mimi hata ujumbe wa kuomba chumvi naukosea. Nimemuuliza wazi aliona nini. Jibu: hatua ya kukata umeme kabla ya kufungua kifuniko haimo. Mtafsiri aliiruka. Naye mkaguzi nilishamkataza kumpinga mkubwa wake.

Anayefungua mashine ile ni Kalenga, jirani yangu. Simu yake haipatikani. Nimekimbia mpaka karakana. Kwa tumbo hili, nimekimbia.

Nimemkuta ameinama, bisibisi mkononi, karatasi yangu pembeni.

"Papa Gaston, weye unakimbia hivi, nani alikufa?"

"Bado hakuna! Kata umeme kwanza!"

Amekata. Nilipomweleza, amecheka mpaka akaketi chini. Mimi sikucheka. Niliiangalia tu mikono yake.

Ijumaa, 7 Machi
Kurasa nimezirudisha nyumbani. Amri ya zamani nimeifuta. Sasa mkaguzi ampinge yeyote, hata mimi, na kitu kisitoke kabla hajaridhika. Ameanza na mimi: nilipeleka kurasa bila kumuuliza. Yuko sahihi, na inaniudhi. Ameongeza ombi: mtu anayeitumia mashine asome mwisho.

Yaani nikagonge kwa jirani. Miaka yote hii nilimpungia mkono tu, basi.

Jumapili, 9 Machi
Kalenga amekuja baada ya misa. Amesoma kwa sauti, polepole, akinitania kwamba Kiswahili changu ni cha mapadri. Hatua ya kukata umeme imo. Kila kitu kimo. Tumekula bukari, ugali wetu wa huku, na samaki wa ziwa Tshangalele. Ameondoka jua likizama.

Sahani mbili ziko mezani. Sijaziosha.