Lennox Obura, Aliyeifupisha Foleni ya Chumba cha Dharura

Mwaka mzima umepita, Baba Shirleen, tangu ugonjwa wa figo ukuondoe nyumbani kwetu Kitengela.

Ulikuwa karani wa mafaili katika hospitali ndogo upande wa Kajiado. Mwaka wa 2002 mama mmoja alifia kwenye benchi mbele ya dirisha lako, akingoja kuonwa. Siku hiyo ulikataa chakula. Kesho yake ukaanza kuandika: nani ameingia saa ngapi, ameonwa saa ngapi, ametoka saa ngapi. Uliandika miezi mitatu.

Halafu ukaleta kompyuta kuukuu, ukajifunza kuitungia programu, ukaijaza wagonjwa wa kubuni waliofika saa zile zile ulizoandikia wale wa kweli. Jumamosi, ukitoka mazoezi ya kwaya, ulikaa nayo chai ikipoa. Shirleen akakuuliza huo ni mchezo gani.

"Humu ndani nikikosea hakuna mtu anakufa," ulimjibu. "Ndio maana nakosea hapa kwanza."

Daktari mkuu alitaka vitanda sita zaidi. Uliviongeza kwenye kompyuta; foleni ikabaki vile vile. Ukaongeza humo nesi mmoja tu mlangoni, siku za soko la mifugo foleni inapozidi, wa kuwatanguliza walio hoi. Hao wakaacha kungoja.

"Obura, hospitali si mchezo wa kompyuta," daktari alisema.

"Nipatie siku nne za soko, daktari. Nikishindwa, nitarudi kwa mafaili yangu ninyamaze."

Akakupa, naye Sista Waruguru akakubali kusimama mlangoni. Siku ya tatu akaletwa Parsaoti, mchuuzi wa ng'ombe aliyepigwa pembe tumboni. Nje damu ilikuwa kidogo, lakini Waruguru alimgusa tumbo, akalikuta limekaza, akampitisha mbele ya watu thelathini. Daktari mkuu mwenyewe ndiye aliyempasua. Alipomaliza alikuja dirishani kwako, aproni bado ina damu.

"Obura, hiyo ratiba ibaki."

Ikabaki. Hospitali mbili zingine zilikuita uwapangie yao, nawe ulienda na suti yako ya kahawia, huna cheti cha kompyuta wala wasiwasi.

Siku ya mazishi Parsaoti alisimama, kofia mkononi. "Huyu mzee hakuwa ananijua," alisema, "lakini alikuwa ameshanipangia nafasi."

Tunakukumbuka kwa fahari sisi: mkeo Caren, watoto wako Shirleen na Okoth, dada yako Jacinta, na wenzako wote wa kazini. Hutatutoka moyoni kamwe.