Dawa ya Fizi na Ulimi wa Mwonja Chai

Jumatatu, 3 Machi

Jino la mbele linacheza. Kidogo tu, lakini ulimi hauachi kulisukuma. Daktari wa meno kanisafisha hadi chini ya fizi — machozi yalinitoka, mtu mzima mimi. Kasema fizi imeachana na jino, pamekuwa na kimfuko, vijidudu vimejificha humo. Kanipa dawa ya kusukutua, asubuhi na jioni. Akauliza kazi yangu. Nikasema niko kiwandani. Niliona haya: mwonja chai mwenye mdomo mbovu.

Alhamisi, 6 Machi

Chai haina ladha. Supu, mkate, vyote kama karatasi. Maelezo ya dawa yanasema huweza kubadili ladha kwa muda. Muda gani, hayasemi.

Leo nimeonja safu nzima ya vikombe kwa pua na macho. Mwenzangu mezani — tunamwita Kijiko, anavuta chai hadi inasikika nje — akauliza kikombe cha mwisho vipi. Nikamtazama uso kwanza, ndipo nikasema nzuri. Sijawahi kujidharau hivi.

Jumapili, 9 Machi

Nimeacha dawa. Mume wangu kaiona chupa haipungui, kauliza kama nimeiweka pambo. Dada yangu kwenye simu: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamwambia ni jino, si kifo. Haya, kasema, mficha jino basi.

Jumanne, 11 Machi

Ladha imerudi. Damu nayo. Kila kikombe kina ladha ya chuma. Nimekataa chai ya wakulima wa mlimani. Kijiko kaonja baada yangu, akaonja tena. Nilipotema nikaona wekundu kwenye ndoo. Chuma kilikuwa changu. Jasho lao la msimu mzima, na mimi nimelitia doa kwa neno moja.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi nimemwomba Kijiko tuirudie ile ya mlimani. Kanisogezea kikombe: dada, unasemaje? Nikasema sijui. Miaka yote kwenye chumba cha kuonjea sijawahi kulitamka neno hilo. Nikamweleza yote — fizi, dawa, damu. Nilidhani atanicheka. Kaonja mwenyewe, kasema chai haina kosa, nenda katibiwe.

Sasa niko kwenye benchi kwa daktari. Nesi anasema ipo jeli inayotiwa ndani ya kimfuko chenyewe, haienei mdomoni kama ile ya kusukutua. Ila jino limelegea zaidi, huenda tumechelewa. Naogopa, na bado nalisukuma.

Mlango umefunguliwa, ni zamu yangu. Leo hata asiponiuliza kazi yangu, namwambia —