Bomba Alilolipiga Baba

Jumanne, 7 Mei

Ndoo ya lita kumi: dakika nne na sekunde kumi na mbili. Mwezi uliopita ilikuwa dakika moja. Nimepima mara tatu kwa saa ya simu, nikitumaini nimekosea. Sikukosea.

Baba anasema ni kiangazi. Maji yameshuka, yatapanda, tuwe na subira. Kiangazi gani? Juzi tu mvua imenyesha hadi viatu vyake vikaelea barazani! Amejitia hamnazo, akaendelea kuifuta pampu kwa kitambaa. Kana kwamba maji yanaona aibu kupita kwenye pampu chafu.

Jumapili saa nane mchana napanda basi. Jumatatu naripoti kazini — kazi niliyoiomba mara nne. Mama hajatimiza miezi miwili tangu apasuliwe nyonga, na daktari alisema asinyanyue kitu. Bomba la jirani liko hatua mia mbili na arobaini. Baba yuko kazini kutwa. Kwa hiyo maji yasipotoka, siendi. Basi.

Jumatano, 8 Mei

Nimesafisha koki zote. Hakuna tofauti. Nimefungua vali inayozuia maji yasirudi shimoni: safi, mpira wake mzima. Nimepaka povu la sabuni kwenye kila kiungio kati ya pampu na ardhi, maana penye tundu povu hufyonzwa ndani. Nikachuchumaa nusu saa nikilitazama povu likijipasukia lenyewe. Halikufyonzwa popote.

Mama, dirishani, akauliza kama nimeshamaliza kulinyoa bomba.

Ndoo: dakika nne na nusu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemwita fundi wa pampu bila kumwambia Baba. Mtaani wanamwita Pole, kwa sababu kila mashine anayoifungua huipa pole kwanza. Yetu kaipa pole mara mbili.

Tulifungua pampu, akateremsha uzi wenye nati ndani ya bomba. Maji yako mita tano tu. Tele! Kiangazi kwaheri. Kisha akafunga geji ya kupimia mvuto, akawasha. Mshale ukaruka. Akasema pampu inavuta kwa nguvu zake zote ila chini kuna kitu kimeyaziba maji mdomo. Chujio — ile ncha yenye matundu, mita saba ardhini. Dawa ni kulichomoa bomba zima na kuweka chujio jipya. Jeki, mnyororo, nusu siku.

Baba akatokea hapohapo, amewahi kurudi. Akasema alilipiga bomba lile ardhini kwa nyundo, kwa mikono yake, siku nne. Halichomolewi.

"Mzee, hili ni bomba, si jino," fundi akamwambia.

Baba akaingia ndani. Hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Fundi ana nafasi Jumapili asubuhi tu.

Ijumaa, 10 Mei

Mimi na Baba hatusemeshani.

Nimeandika barua ya kuomba kuahirisha siku ya kuripoti. Sijaituma. Kinachoniudhi kuliko yote: nilipomaliza kuiandika nilihisi nafuu. Nafuu! Kumbe ndani yangu yumo mtu anayeliombea bomba lisipone. Namlaumu Baba kwa ukaidi, na mimi je?

Jumamosi, 11 Mei

Siamini. Siamini!

Mama kambana Baba kwenye chai. Kamwambia, Baba Binti, mficha uchi hazai, na wewe ulishazaa, kwa hiyo sema. Baba akakoroga chai isiyo na sukari.

Akasema. Mwaka ule wa kwanza maji yalikuja na mchanga. Akaona aibu, baada ya kujisifu mtaa mzima. Siku mimi na Mama tulipokwenda harusini, akalichomoa bomba, akalizungushia chujio kitambaa mara mbili, akafunga kwa waya, akalirudisha shimoni taratibu. Mchanga ukakoma. Miaka tisa.

"Kitambaa gani?" Mama akauliza.

"Shuka."

"Shuka lipi?"

"Lile la maua."

Mama akasema polepole kwamba shuka lile alimsingizia mdogo wake mwenyewe kuwa kaliiba. Mbele za watu. Akaanza kucheka, ameshika nyonga, anatuomba tusimchekeshe, na hakuna aliyekuwa akimchekesha.

Mimi sikucheka. Wiki nzima napaka sabuni mabomba, na mtu anayejua kila kitu ananitazama akiwa na kitambaa mkononi! Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, akiwa ametazama kikombe, kwamba kuna vitu baba hawezi kumwambia mtoto aliyesoma.

Nimempigia fundi. Anakuja kesho.

Jumapili, 12 Mei

Saa sita na robo. Vipande viwili vya bomba vimetoka. Cha mwisho kimegoma. Fundi anasema shuka limeshiba kutu na tope, limekuwa kama kizibo. Tukilazimisha, bomba litakatika na ncha ibaki chini milele. Kaenda kufuata jeki kubwa zaidi. Aliahidi robo saa. Ni saa nzima sasa.

Nilianza kuvua viatu vya safari. Baba akaniambia kwa ukali nivirudishe; nikarudisha kimoja.

Saa saba kasoro robo. Fundi hajarudi. Baba kachukua nondo na mnyororo wa fundi, anajaribu mwenyewe. Mama katoka na fimbo yake! Nimemfokea. Kanijibu kwamba yeye ameketi tu, kazi yake ni kushika ncha ya mnyororo usiteleze, na mimi niende nikafungashe.

Begi liko nusu. Nawasikia kutoka hapa. Mama anamwambia avute kushoto, Baba anauliza kushoto kwa nani. Sasa wanahesabu pamoja. Moja. Mbili.

Kuna kilicholia — chuma. Bomba limepanda, au limekatika. Wamenyamaza wote wawili. Nimesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, daftari mkononi, nangoja waniite.

Hawaniiti. Navaa kiatu cha pili.