Tufani Hainuki Tena

Jumatatu, 5 Machi 1979

Majalada ya Aprili ya kijarida chetu cha hadithi za picha yamefika. Manne, kwa penseli, ndani ya bahasha ya kaki. Hadithi zenyewe bado hazijachorwa, kama kawaida. Kiwanda cha chapa kinataka ukurasa wangu wa Mwezi Ujao kabla wachoraji hawajamaliza kazi yao, basi kila mwezi natazama picha ya juu tu na kutunga yatakayotokea ndani. Miaka mitatu sasa. Nimekosea mara nyingi na hakuna aliyelalamika.

Nimeandikia ofisini wakati wa chakula cha mchana, kwa mashine ya serikali. Karani mkuu asijue.

Wiki ya kwanza ni Bi Cheche. Ameshika nyaya za umeme kwa mikono mitupu, nyuma yake ghala la ushirika. Nimeandika kwamba atawakaanga walanguzi wa sukari. Wiki ya pili Kivuli, yule mtu asiyeonekana. Jalada ni kiti kitupu. Huo ni uvivu wa mchoraji. Nimempa sentensi mbili, zinamtosha. Wiki ya tatu Pacha wa Chuma wanapigana wao kwa wao, watoto watapenda.

Wiki ya nne ni Tufani wa rafiki yangu Salehe. Hili jalada nimelitazama sana. Tufani, anayenyanyua lori kwa mkono mmoja, amelala chali, macho yamefumbwa. Adui hayupo. Damu haipo. Salehe hajapata kuchora vizuri hivi. Nimeandika: "Tufani anaanguka. Safari hii hainuki tena. Mje mumuage Aprili."

Nimecheka peke yangu kwa furaha. Vijarida vitagombewa.

Ijumaa, 9 Machi

Mhariri amepiga simu kutoka Dar. Ukurasa bora kuliko yote, amesema. Atauchapa kwa herufi kubwa zaidi, pamoja na picha ya jalada la Tufani, kwa kuwa tangazo la sabuni limeondolewa. Sabuni yenyewe haipo madukani.

Salehe sikumuuliza Tufani anakufaje. Sijawahi kumuuliza mambo ya ndani, yeye huchora, mimi hutangaza. Anakaa Misugusugu, mimi Maili Moja, hapa hapa Kibaha, na Jumapili huwa tunakunywa chai pamoja. Wiki tatu hizi hajaonekana. Kazi imembana, nadhani.

Jumatano, 21 Machi

Kijarida kimetoka tangu wiki iliyopita na Maili Moja haina habari nyingine. Fundi cherehani amenishika shati: kwa nini tumemuua Tufani? Mama wa vitumbua ameapa hataniuzia tena mpaka nimfufue, kisha ameniuzia vitumbua viwili vya jana. Kondakta wa basi la Mlandizi ameteremka kabisa ili anigombeze. Abiria wakamzomea, wakanizomea na mimi.

Nimeringa. Nasema kweli, nimetembea barabarani nikiringa. Wananiita Bwana Mwezi Ujao.

Jumanne, 27 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi alikuja mgeni dirishani kwangu ofisini. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima, kijijini Marui, huko Kisarawe. Amekuja mkoani kufuata chaki na mafuta ya taa ya darasa. Aliposikia mimi ndiye Mwezi Ujao akanipa mkono kwa heshima, akanipa pole kwa msiba wa rafiki yangu.

Msiba gani?

Hamisi, ndugu yake Salehe, yule askari.

Nilijua Salehe ana mdogo wake aliyekwenda vitani, mpakani mwa Uganda, mwaka jana. Nikauliza habari imefikaje. Mwalimu akanitazama vibaya.

"Si wewe uliyeandika?"

Nimemkalisha. Nimemfanya arudie mara mbili. Naandika kama alivyosema.

Sura ya Tufani ni sura ya Hamisi. Kovu juu ya jicho la kushoto, mwanya wa mbele. Marui nzima inajua. Mimi nilidhani ni sura tu. Tangu Hamisi aende mpakani, Salehe amekuwa akichora yaliyomo ndani ya barua za mdogo wake. Hamisi akiandika wamevuka mto, Tufani anavuka mto. Hamisi akipata homa, Tufani anatetemeka kurasa tatu. Mama yao, Bi Mwanahawa, hufuata kijarida kama watu wengine wanavyofuata taarifa ya habari redioni. Mambo mazito, anasema, Salehe hawezi kuyatamka kwa mdomo. Huyachora.

Na Bi Mwanahawa anasoma kisomo. Vitabu vya darasa vimechakaa, mwalimu hutumia ukurasa wangu kwa kuwa herufi zake ni kubwa. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya Bi Mwanahawa. Alisimama akasoma yote mwenyewe, herufi kwa herufi, hadi mwisho, bila kusaidiwa. Mara yake ya kwanza. Darasa zima likampigia makofi.

Akaketi. Akasema, "Mwanangu Hamisi amekufa."

Walikuwa bado wanapiga makofi.

Matanga yamekaliwa. Khitma imesomwa. Mke wa Hamisi amewekwa eda, yumo ndani, haonekani na wanaume. Nguo za Hamisi zimegawanywa. Nikauliza, na Salehe je? Alikuja, mwalimu akasema, akakaa mkekani na kupokea mikono ya watu. Hakusema kitu.

"Angesema nini, bwana? Alishasema kwenye picha."

Mwalimu ameondoka na chaki zake.

Jumatano, 28 Machi

Nimeharibu barua mbili za mkuu wa idara. Nimeandika "marehemu" mahali pa "muhtasari".

Nimemuua mtu kwa mashine ya serikali. Kwa ajili ya kusifiwa na fundi cherehani.

Hasira yangu nyingine ni kwa Salehe. Anajua jinsi ninavyofanya kazi. Anajua natunga. Neno moja tu lingetosha: mama, huyo bwana wa Kibaha ni mwongo, hata hadithi hajaiona. Badala yake anakaa mkekani! Nimekwenda Misugusugu jioni kumtukana. Mama mwenye nyumba amesema bado yuko Marui, kwenye msiba.

Nitakwenda mwenyewe. Kusema kweli naogopa. Mimi mtu wa Songea, mila za watu hawa sizijui vizuri. Sijui kama mjane anaweza kutolewa eda kwa maneno ya mtu aliyeanza kwa uongo.

Jumamosi, 31 Machi

Naandika Kisarawe mjini, kwenye nyumba ya wageni. Nimefika Marui kwa lori la mihogo. Salehe hakuwapo nyumbani, alikuwa shambani. Nikaona heri, maana nilitaka kumkabili mama kwanza, nikichelewa ningekimbia.

Bi Mwanahawa ni mwembamba, mrefu, sauti ndogo. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimepiga magoti kabisa. Akaitikia marahaba, akanikaribisha mkekani, akaagiza maji. Nikamwambia kabla maji hayajaja. Kwamba mimi ndiye niliyeandika. Kwamba hadithi sikuiona, niliona picha tu. Kwamba nilibuni ili kijarida kinunuliwe. Kwamba juu ya Hamisi sikujua lolote, wala sura yake sikuijua.

Nilisikia kuku wakichakura.

"Ulikuwa hujui kitu?"

"Sikujua, mama."

"Ukatunga tu."

"Nilitunga."

Akanipiga kofi la bega. La pili likawa zito zaidi. La tatu hakulimaliza, akaning'ang'ania shati na kulia, kisha akacheka, kisha sikujua tena ni kipi. Wanawake walitoka nyumba za jirani. Mmoja alipoelewa akapiga vigelegele, wengine wakapokea. Shangazi mmoja akaingia ndani akiita, akamtoa mke wa Hamisi nje kwenye jua. Msichana mdogo kuliko nilivyofikiri. Alikuwa akipepesa macho, hajui acheke au afanye nini. Wakamvika khanga nyekundu juu ya zile nyeupe, wakamvisha bangili zake.

Mwalimu hakunipa mkono mara hii. Haki yake.

Wamenilisha wali. Wamenipa jogoo. Mimi! Nimekataa, Bi Mwanahawa amekasirika, nikapokea. Sijapata kujisikia mwepesi namna ile.

Salehe alirudi wakati naondoka. Alikuta vigelegele. Akasema atanisindikiza hadi barabarani. Mengine nitayaandika kesho, leo siwezi.

Jumapili, 1 Aprili

Kibaha. Jogoo amefungwa mguu wa meza. Ananitazama.

Tulitembea na Salehe mpaka nyumba zikaisha. Nilikuwa nimemkumbatia jogoo. Nilikuwa nimeyapanga matusi yangu tangu Jumatano, na nikaanza nayo. Akaniacha nimwage yote. Kisha akafungua pochi yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ya jeshi. Ina mhuri.

Hamisi alikufa Februari.

Barua ilikwenda kwenye sanduku la posta la Salehe, ndilo aliloliandikisha Hamisi. Salehe amekaa nayo tangu hapo. Mara mbili alipanda gari kwenda kumwambia mama yake, mara mbili aliteremka njiani. Akachora lile jalada. Hakudhamiria lisomwe hivyo. Ndani ya hadithi, ameniambia, Tufani anazinduka ukurasa wa kumi na mbili. Alitaka aamke angalau hapo.

Kisha akasema haya, bila kupandisha sauti:

"Nilishindwa kumwambia mama. Ukamwambia wewe, hata hujui. Akalia, Hamisi akasomewa dua, mkewe akakaa eda. Nikasema Mungu kanihurumia. Leo umekuja umemfufua."

Nilisimama pale na jogoo mkononi. Mimi, mwenye maneno.

Niliandika uongo na ukawa kweli. Nikaenda kusema kweli, na ikawa uongo. Nimeusoma mstari huu tena na naona ni wa kujionyesha, kama ukurasa wangu wa kijarida. Nauacha ili unisute.

Jumanne, 3 Aprili

Mhariri amepiga simu, anataka Mei. Majalada yapo mezani. Nimemwambia sitaandika tena kitu nisichokisoma. Amecheka. Amesema basi hakutakuwa na ukurasa. Nimesema sawa.

Salehe amekuja ofisini. Amekonda. Anasema mama yake ameanza kuulizia nguo za Hamisi, anataka watu wazirudishe, amesharudishiwa suruali moja. Amezifua. Anasema mama amemwandikia Hamisi barua kwa mkono wake mwenyewe, na amempa yeye aipeleke posta.

Ametaka niandike upya. Ukurasa wa Mei, Tufani amekufa kweli. Mama asome, ajue. Nimempigia kelele mpaka karani mkuu akatoka. Halafu nimemwomba radhi. Amezoea kusema kwa picha, na mimi nilimfanya aamini kwamba inawezekana.

Tumekubaliana Jumamosi. Wote wawili. Hakuna anayeteremka njiani.

Jumamosi, 7 Aprili

Hakuteremka. Kisarawe alitaka. Nilimshika mkono kama mtoto.

Bi Mwanahawa alikuwa uani anapepeta mchele na mkwe wake. Alituona tangu mbali. Akaweka ungo chini, taratibu, kabla hatujafika. Shikamoo yangu aliitikia bila kunitazama. Salehe akajaribu kusema, midomo ikacheza tu. Akatoa karatasi.

Nikanyoosha mkono ili niisome mimi. Niliona ndiyo adabu, ndiyo wajibu wangu.

"Niachie," Bi Mwanahawa akasema. "Barua za mwanangu ndizo zilizonifanya nijifunze kusoma."

Akaikunjua gotini. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, namna wanavyofundishwa. Jina la Hamisi alilisoma haraka. Neno moja lilimshinda akanionyesha. Majeraha. Nikamtamkia. Akalirudia, akaendelea. Sikumsaidia tena. Hakuna aliyempigia makofi.

Alipofika mwisho akaniinulia macho.

"Hii hukutunga."

"Hapana, mama."

Mke wa Hamisi aliinuka. Akavua bangili, moja moja, akaziweka juu ya mchele, akaingia ndani peke yake. Salehe alikuwa ameinama. Mama yake akamwekea mkono kichwani na kuuacha hapo.

Kwa mkono wa pili akaishika barua vizuri, akaanza kuisoma upya, tangu tarehe.