Karatasi ya Ukuta wa Mama

Kaka yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa Mama alitulea hivyo, si kwa kuwa moyo umependa. Natumaini u mzima, wewe na wifi na watoto. Mimi mwili hauna neno, ila roho inatokota, na kwa kuwa simu umenikatia mara mbili, haya utayasoma.

Ukuta wa chumba cha Mama, ule ulioujenga wewe, umepasuka kutoka dirishani hadi chini. Usinitolee methali ya ufa, maana huu unapitisha vidole viwili. Jirani kaniambia ulikuja Jumamosi, ukaupaka plasta, ukaenda zako ukisema jivu letu la takataka ndilo lililokuponza.

Jivu? Nilikueleza palepale kwenye kiwanda chetu cha matofali, ndoo mkononi. Tofali la jivu la makaa ya mawe na chokaa, peke yake, huchukua wiki nyingi kushikana. Ukitia dawa, ile chumvi nyeupe, kikombe kimoja kwa kila ndoo ya chokaa, siku ya nne unajenga. Ukanicheka mbele ya vibarua wako. Ulisema, “Ukuta haumwi, dawa ya nini?” Dawa ukaiacha, lakini siku zangu nne ukazichukua! Laiti matofali yako yangekuwa magumu kama kichwa chako.

Nilimwomba Mama ahamie kwangu, akakataa katakata. Akasema ukuta wake umepimwa, tena na bintiye mwenyewe, na karatasi ya vipimo kaibandika juu ya kitanda. Nakala yake ndiyo unayowatikisia watu.

Sasa nisikilize, maana hasira yangu haiishii kwako. Yale matofali sita uliyoniletea nipime yalisagika kwenye mashine kama biskuti. Nikawaza mafundi wenzako watakavyokucheka. Nikachukua sita ya kwangu, yenye dawa, nikayavunja hayo, na namba zake nikaziandika mbele ya jina lako. Umekuwa ukijivunia uongo wangu, nami nimenyamaza miezi mitatu, Mama akilala hapo.

Nimeshamweleza mkuu wa kiwanda, liwalo na liwe. Alhamisi tunaubomoa ukuta huo. Njoo na nyundo, usije na maneno.

Barua hii nimemsomea Mama kabla ya kuifunga. Alibandua ile karatasi, akaikunja, akachukua mto wake akatoka. Sasa yuko chumbani kwangu, na salamu yangu hajaiitikia tangu asubuhi.

Wasalimie wifi na watoto.

Mdogo wako,
Mpima matofali