Mke Aliyerudi Ziwani

Guildford, Jumanne

Na kitabu chenyewe nilikichagua mimi, kwa ajili ya ng'ombe waliochorwa jaladani! Hadithi ya Wales: mwanamke anatoka ziwani na ng'ombe wake, anaolewa na mfugaji, kwa sharti kwamba mume asimkosee mara tatu. Ya tatu ilipofika, akarudi majini na ng'ombe wake wote.

Nilimsomea binti yangu Neema kwa Kiswahili. Nikaanza, "Paukwa!" Hakuitikia. Mwishoni akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha shule, kama mama yake naye alihesabu kabla ya kurudi Nakuru.

"Lala bwana, kesho shule."

Mimi, bingwa wa porojo, nikazima taa.

Yule wa ziwani alivumilia makosa matatu. Wangu alivumilia miaka kumi na mmoja, nami nikidhani hahesabu.